Goma–Kinshasa kwa ndege: kilomita ngapi, masaa ngapi, na juu ya nini saa za tiketi zinachanganya watu

Kati ya kiwanja cha ndege cha Goma na kile cha N'djili, Kinshasa, kuko kilomita karibu 1,560 ukipima kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa kama Boeing 737 ao Airbus A320 inazimaliza kwa masaa mawili na dakika 15 ao 20. Hilo njo jibu fupi, na kwa miaka mingi lilitosha.

Sasa halitoshi tena. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, ndege za kawaida za abiria zilisimama. Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kilifuata katikati ya Februari mwaka huohuo. Mkaaji wa Goma aliye na mgonjwa Kinshasa, mwanafunzi aliyepata nafasi kule, mama aliyeitwa kwa matanga ya ndugu yake: wote wanauliza swali lilelile la zamani, lakini jibu lake limekuwa refu. Ni kilomita ngapi ukizunguka? Utafika siku gani? Na saa iliyoandikwa kwenye tiketi, ni saa ya wapi?

Tunaeleza hapa namna hesabu hizi zinavyofanywa, ili kila mtu aweze kuzifanya mwenyewe mbele ya kutoa feza zake kwenye agensi.

Kilomita zinahesabiwa namna gani

Umbali wa ndege haufanani na umbali wa barabara. Barabara inafuata milima, mito na mabonde; ndege inafuata mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia. Kwa safari ndefu, kama Kinshasa–Brussels ambayo ni kilomita zaidi ya 6,200, hesabu inahitaji kompyuta kwa sababu dunia ni ya mviringo. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, na safari za ndani ya Kongo unaweza kuzihesabu na kalamu.

Karibu na ikweta, digrii moja ya ramani ni kilomita 111 hivi, iwe unaenda kaskazini-kusini ao mashariki-magharibi. Goma iko kwenye digrii 1.7 kusini ya ikweta na digrii 29.2 mashariki. N'djili iko kwenye digrii 4.4 kusini na digrii 15.4 mashariki. Tofauti ya mashariki-magharibi ni digrii 13.8, maana yake kilomita 1,532. Tofauti ya kaskazini-kusini ni digrii 2.7, maana yake kilomita 300. Sasa ni ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa na Pythagoras kwenye masomo ya sekondari: 1,532 mara 1,532, kuongeza 300 mara 300, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Unapata 1,561. Mwalimu wa hesabu anayetusoma anaweza kuwapa watoto zoezi hili kesho asubuhi. Ramani ya Kongo inatosha.

Kwa njia hiyohiyo, Bukavu (Kavumu) iko kilomita 1,500 kutoka Kinshasa. Bunia iko mbali zaidi, karibu 1,770. Kisangani ni 1,225, Kindu ni 1,175. Na kuko jambo moja linaloshangaza watu wengi: Lubumbashi iko kusini kabisa na Goma iko karibu na ikweta, lakini zote mbili ziko umbali uleule kutoka Kinshasa, kilomita 1,550 na kitu. Kati yao wenyewe, Goma na Lubumbashi, kuko kilomita zaidi ya 1,100.

Ukubwa wa nchi yetu unaonekana vizuri ukigeuza uso upande mwingine. Kutoka Goma mpaka Mombasa, kwenye Bahari ya Hindi, ni kilomita 1,180 kwa ndege. Mpaka Dar es Salaam ni 1,250. Basi mtu wa Goma yuko karibu na bahari ya Kenya na ya Tanzania kuliko alivyo karibu na mji mkuu wake. Kwa mtu wa Bunia ni zaidi: Nairobi iko kilomita 810 tu, chini ya nusu ya umbali wa Kinshasa. Njo maana petroli, saruji na nguo za madukani mwetu zinatokea upande wa mashariki, na njo maana tunaongea Kiswahili.

Kwa nini ndege na si kitu kingine

Mtu wa nchi nyingine atauliza: kilomita 1,560, si mtu anaweza kupanda basi? Hapana. Hakuna barabara moja nzuri inayounganisha Kivu na Kinshasa. Barabara ya taifa inayotoka Bukavu kuelekea Walikale, Lubutu na Kisangani iko kwenye ramani, lakini sehemu zake kubwa zimeliwa na msitu na matope, na usalama hauko. Ukifika Kisangani, kunabaki mto. Kisangani–Kinshasa kwa ndege ni kilomita 1,225. Kwa mto Kongo ni zaidi ya 1,700, kwa sababu mto unapanda kwanza kaskazini, halafu unashuka na kuvuka ikweta. Baleinière inaweza kutumia wiki nyingi, kufuatana na maji, mashine na vizuizi njiani.

Kwa hiyo hapa ndege si kitu cha matajiri peke yao. Muuzaji wa maharagwe, mwanajeshi anayebadilishiwa kazi, mtawa, mgonjwa wa figo: wote walikuwa wanakutana kwenye foleni moja pale Goma. Kiwanja kinapofungwa, nchi inakatika vipande viwili, na hiyo si namna ya kusema tu.

Mwendo wa ndege: yote hayalingani

Masaa mawili na robo ni ya ndege kubwa. Ikiwa juu, inaenda karibu kilomita 800 kwa saa, hata zaidi. Gawanya 1,560 kwa 800, unapata karibu masaa mawili. Ongeza dakika 20 hivi kwa kupanda na kushuka, wakati ambapo ndege inaenda polepole. Air Congo, iliyoanza safari zake Desemba 2024 kwa kushirikiana na Ethiopian Airlines, inatumia Boeing 737-800. Congo Airways, iliyoanza 2015, ilianza na Airbus A320, na nyuma yake ikaleta Q400 za panga.

Ndege ya panga ni hesabu nyingine. Q400 inaenda karibu kilomita 650 kwa saa: Goma–Kinshasa ingechukua masaa mawili na dakika 45. ATR 72 inaenda kilomita 500: masaa matatu na nusu. Antonov 26, ile inayobeba mizigo zaidi kuliko watu, inakaribia masaa manne. Cessna Caravan, ndege ndogo yenye injini moja ambayo watu wa Walikale na Shabunda wanaijua vizuri, inaenda kilomita 340 tu kwa saa. Hiyo haikutengenezwa kwa safari ya namna hii. Ikijaa watu na mizigo, lazima itue mahali kuongeza mafuta.

Halafu kuko eskale. Wengi wamewahi kununua tiketi ya «Goma–Kinshasa» na kujikuta Kisangani. Kwa kilomita, eskale ya Kisangani si mzunguko mkubwa: Goma–Kisangani ni karibu 500, Kisangani–Kinshasa 1,225, jumla 1,720 hivi. Umeongeza kilomita 160 peke yake. Lakini kwa masaa ni kitu kingine kabisa. Ndege inashuka, inatua, watu wanateremka na bagaji zao, wengine wanapanda, mafuta yanaongezwa, halafu inaruka tena. Safari ya masaa mawili na dakika 20 inakuwa ya karibu masaa manne. Kwa hiyo ukinunua tiketi yoyote, usiulize tu «itaondoka saa ngapi?». Uliza pia: «Inapita wapi mbele ya kufika?»

Mvua nayo inaingia kwenye hesabu. Bonde la Kongo ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mingi kuliko zote. Mawingu ya mvua kubwa yanapanda juu kuliko ndege yenyewe, na rubani mwenye akili hapiti ndani. Anayazunguka, kilomita 30, 50, wakati mwingine zaidi. Mara nyingi mawingu hayo yanajengeka nyuma ya saa sita, joto likishapanda. Safari ya asubuhi ina nafasi kubwa ya kuwa tulivu. Upepo wenyewe hauna neno kubwa huku kwetu. Karibu na ikweta si mkali kama ule wa Ulaya, unaweza kubadilisha dakika chache tu.

Saa moja inayopotea, saa moja inayookotwa

Hapa njo kuko matatizo mengi. Kongo ina saa mbili. Kinshasa, Kongo Central, majimbo ya Bandundu ya zamani na ya Équateur ya zamani yanafuata saa ya magharibi. Kivu zote mbili, Ituri, Tshopo, Maniema, Katanga na Kasai zinafuata saa ya mashariki, iliyo mbele kwa saa moja. Ikiwa 12h00 Kinshasa, Goma ni 13h00.

Sababu yake iko angani. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, maana yake digrii moja kwa dakika nne. Tulisema kati ya Goma na Kinshasa kuko digrii 13.8. Zidisha na nne: dakika 55. Jua linachomoza Goma karibu saa nzima mbele ya Kinshasa. Serikali haikubuni tofauti hiyo, ilifuata jua.

Sasa, saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, saa ya kufika ni ya mji unaofika. Tuchukue mfano. Ndege inaondoka Goma 10h00, inaruka masaa mawili na dakika 20. Goma itakuwa 12h20, lakini Kinshasa itakuwa 11h20. Kwenye tiketi utasoma: 10h00–11h20. Mtu akitoa bila kujua, atasema safari ni ya saa moja na dakika 20, na ataanza kusifu ndege hiyo kwamba ni ya ajabu. Kurudi ni kinyume. Kuondoka Kinshasa 8h00, kufika Goma 11h20: inaonekana masaa matatu na dakika 20. Watu walikuwa wanasema ndege «inachelewa ikipanda mashariki». Haichelewi. Ni saa moja uliyookota kwa kwenda na ukairudisha kwa kurudi.

Ongeza juu yake Kiswahili chetu wenyewe. Mtu mmoja akisema «saa mbili», anataka kusema 8h00, kufuatana na hesabu ya Kiswahili. Mwingine, aliyezoea Kifaransa, akisema «saa mbili» anafikiria deux heures, yaani 14h00. Wote wawili wanaishi parsele moja. Ikiwa yaya anakupigia simu kutoka Goma na kusema «kuja kunitosha aeroport saa tano», na wewe uko Kinshasa, kuko majibu ine tofauti: saa tano ya Kiswahili ao ya Kifaransa, saa ya Goma ao ya Kinshasa. Afazali kuomba atume picha ya tiketi kwenye WhatsApp. Mule mumeandikwa 11h20, na hiyo 11h20 ni ya Kinshasa. Imekwisha.

Tofauti hiyo ya saa inaeleza pia kitu kilichowaumiza wasafiri mara nyingi. Viwanja vingi vya mashariki havipokei ndege usiku. Jua letu linazama karibu 18h00, mwaka mzima, kwa sababu tuko kwenye ikweta. Ndege inayotoka Kinshasa na kutaka kufika kwetu mbele ya 18h00 inapaswa kutua mbele ya 17h00 ya Kinshasa. Toa masaa mawili na dakika 20 ya kuruka: lazima iwe imeondoka N'djili 14h40, na rubani atataka hata mapema kidogo, kwa tahadhari. Basi ukiwa N'djili na ndege yako ya 12h00 haijaonekana kufikia 14h00, anza kuuliza habari za hoteli ao za kulala kwa ndugu. Wafanyakazi wa kampuni hawatakwambia haraka, lakini saa inakwambia.

Goma yenyewe: urefu wa piste na urefu wa mlima

N'djili iko chini, mita zaidi ya 300 juu ya bahari. Goma iko mita zaidi ya 1,500, na Kavumu inapita hapo, karibu 1,700. Hewa ya Goma ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa karibu sehemu moja kwa saba. Bawa la ndege linabebwa na hewa, na injini inakula hewa. Zote mbili zinapata kidogo. Kwa hiyo ndege ileile, na uzito uleule, inahitaji kukimbia mbali zaidi chini ili iweze kuruka. Na kama jua ni kali saa nane ya mchana, hewa inakuwa nyepesi zaidi.

Piste ya Goma ilikatwa na Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilitapika, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na njiani ikafunika sehemu ya kaskazini ya piste. Kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa piste na kuingia Birere, kwenye nyumba na maduka. Watu wengi walikufa, wengi wao hawakuwa hata wasafiri. Mnamo Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 ilianguka tena kwenye mtaa ulio jirani, muda mfupi nyuma ya kuruka. Kazi ya kutosha lava na kutengeneza piste ilifanyika baadaye, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Na katika mlipuko wa Mei 2021, lava ilikaribia kiwanja tena lakini ikasimama.

Tunaeleza haya kwa sababu yanajibu swali la bagaji. Mara ngapi mtu amefika Kinshasa na sanduku limebaki Goma! Wakati mwingine ni uzembe, hatukatai. Lakini mara nyingi ni hesabu ya uzito: piste fupi, hewa nyepesi, joto la mchana. Rubani anaambiwa ndege imezidi, na kitu cha kwanza kinachoshuka si mtu, ni sanduku. Ukisafiri kutoka Goma ao Kavumu siku zitakaporudi, weka dawa, karatasi za shule na nguo ya siku moja kwenye mfuko wa mkononi.

Njia ya kuzunguka: hesabu ya leo

Sasa tuje kwenye safari ambayo watu wanaifanya kweli. Kutoka Goma unavuka mpaka mpaka Gisenyi, unapanda basi ya Kigali: kilomita karibu 155 kupitia Musanze, masaa matatu na nusu ao manne. Kutoka Bukavu, kupitia msitu wa Nyungwe, hesabu masaa matano ao sita.

Kigali–Kinshasa ni kilomita 1,650 kwa mstari ulionyooka. Lakini hakuna ndege ya moja kwa moja. Kongo ilisimamisha safari za RwandAir tangu Mei 2022, na Februari 2025 ikafunga anga yake kwa ndege zote zilizoandikishwa Rwanda. Basi unalazimika kwenda kwanza mashariki ao kaskazini, yaani kuipa Kinshasa mgongo, ndipo urudi.

Kupitia Nairobi: Kigali–Nairobi ni kilomita 760, Nairobi–Kinshasa 2,410. Jumla ni karibu 3,170, mara mbili ya Goma–Kinshasa. Kupitia Addis Ababa: Kigali–Addis ni 1,550, Addis–Kinshasa karibu 2,990. Jumla 4,540, karibu mara tatu. Angalia vizuri: Kigali mpaka Addis peke yake, ukiwa bado hujaanza kuelekea Kinshasa, ni umbali uleule wa Goma–Kinshasa nzima. Wengine wanajaribu Entebbe, ambako Kinshasa ni kilomita 1,950, lakini barabara ya kufika Entebbe kutoka Goma ni ndefu sana kuliko ya Kigali.

Kwa masaa: Kigali–Nairobi ni karibu saa moja na nusu angani, Nairobi–Kinshasa masaa matatu na dakika 20 hivi. Kigali–Addis ni masaa mawili na nusu, Addis–Kinshasa karibu manne. Na hapa kuko saa tatu tofauti kwenye safari moja. Goma na Kigali zina saa moja. Nairobi na Addis ziko mbele yetu kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kati ya Nairobi na Kinshasa ni masaa mawili. Ndege inayoondoka Nairobi 9h00 na kuruka masaa matatu na dakika 20 inafika Kinshasa 10h20, si 12h20.

Tuchukue mfano wa mtu anayetoka nyumbani Goma 6h00 asubuhi. Anavuka mpaka, anafika Kigali karibu saa sita, anaingia kiwanjani masaa matatu mbele ya ndege, anaruka jioni, analala Nairobi kwenye kiti cha kiwanja, anapanda ndege ya 9h00, anatua N'djili 10h20 ya Kinshasa. Saa ya nyumbani kwake Goma inaonyesha 11h20 ya siku ya pili. Ni masaa 29 na dakika 20. Ile ya zamani ilikuwa masaa mawili na dakika 20. Ongeza ya kusubiri Goma, labda masaa matano kwa jumla.

Kuko pia kitu kisichopimwa kwa kilomita. Kwa Goma–Kinshasa ya moja kwa moja, karte ya kupiga kura ilitosha. Kwa safari ya kuzunguka, unahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha, karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na wakati mwingine visa ya nchi unayopitia ikiwa utatoka nje ya kiwanja. Mkongomani anaomba ruhusa za nchi mbili za kigeni ili aende kwenye mji mkuu wa nchi yake. Mzee asiye na pasipoti, mtoto asiye na karatasi za kuzaliwa, hao wanabaki. Kwao hesabu ya kilomita haina maana.

Mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Kwanza, soma tiketi kipande kwa kipande. Ukiona vipande viwili vimenunuliwa kwa kampuni mbili tofauti, na karatasi mbili tofauti, jua kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwako. Bagaji nayo utaichukua na kuipeleka mwenyewe, na kwa kufanya hivyo unaweza kulazimika kupita kwenye uhamiaji wa nchi hiyo, yaani visa. Tiketi moja yenye vipande viwili ni bei zaidi, lakini kampuni inabeba mzigo wa kukufikisha.

Pili, muda wa kubadilisha ndege. Saa moja ni kidogo. Masaa mawili ni ya kawaida. Zaidi ya masaa nane, uliza kama kampuni inatoa hoteli. Zingine zinatoa kwa masharti, na ni lazima kuomba mbele, si ukishafika.

Tatu, Go-Pass. Tangu 2009 msafiri anayeruka kutoka viwanja vya Kongo analipa Go-Pass kwa ajili ya Régie des Voies Aériennes: ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari za ndani, dola 50 kwa safari za kwenda nje. Hapa wengi wanashangaa kwenye safari ya kurudi. Ukitoka Goma kwa barabara mpaka Kigali, huilipi. Lakini ukirudi kutoka N'djili kupitia Nairobi ao Addis, unahesabiwa kama mtu anayeenda nje ya nchi, hata kama unaenda nyumbani kwako Himbi ao Katindo. Uliza agensi kama feza hizo ziko ndani ya bei ya tiketi ao utazitoa kwenye guichet.

Watu wengine wanatuuliza kuhusu orodha nyeusi ya Ulaya. Ni kweli, kwa miaka mingi sasa kampuni zote za ndege zilizoandikishwa Kongo haziruhusiwi kuruka kwenye anga ya Umoja wa Ulaya. Hiyo ni hukumu juu ya namna usalama wa ndege unavyosimamiwa kwetu kwa jumla. Haisemi kwamba ndege fulani itaanguka kesho, na haikatazi safari za ndani. Kwenye Nairobi–Kinshasa ao Addis–Kinshasa mara nyingi utakuwa ndani ya ndege ya Kenya Airways ao ya Ethiopian, ambazo hazihusiki na orodha hiyo.

Mwisho, ukifika N'djili, safari haijaisha. Kiwanja kiko karibu kilomita 25 kutoka Gombe, na kwenye boulevard Lumumba, saa za jioni, kilomita hizo 25 zinaweza kuchukua masaa matatu ndani ya taksi. Ni muda mrefu kuliko ule ndege ya moja kwa moja ulikuwa unatumia kukutosha Goma na kukuleta Kinshasa.